Mwalimu wa Darasa la Awali Katika Vijiji vya Pembezoni: Mfano wa Ngarambe, Rufiji

Ngarambe, kijiji kinachofahamika zaidi kwa jina la Kinjeketile Ngwale na Vita vya Majimaji vya mwaka 1905, kimo katika ukanda unaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kwa mtoto wa miaka mitano, njia ya shule inayopita jirani na tembo si jambo dogo. Hapo ndipo ilipo thamani ya shule shikizi. Hata hivyo, shule shikizi isiyo na mwalimu ni banda tu.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na uwiano unaotarajiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Katika vijiji vingi vya pembezoni nchini, pengo la walimu limezibwa na wanaojitolea, ambao posho yao ilitegemea michango ya wazazi. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, michango ya lazima ilipigwa marufuku. Watoto wengi zaidi wakaandikishwa, ilhali posho ya anayewapokea ikabaki hisani.

Anayejitolea ana sifa ambayo ajira ya kitaifa haiwezi kuihakikisha: ni mkazi, anaielewa lugha ya nyumbani ya mtoto, iwe Kingindo au Kimatumbi, na haombi uhamisho. Anachokosa ni sifa rasmi ya ualimu na mshahara. Mafunzo kazini yanayohesabiwa katika kuipata sifa hiyo yangemfaa zaidi kuliko semina za siku mbili, ambazo humrudisha darasani na cheti kisichotambuliwa na mwajiri.