Kasi, Ukubwa na Ubora: Jinsi ya Kuhamisha Video za Diski kwa Ajili ya Kutazamwa Mtandaoni

1. Utangulizi

Idara nyingi za lugha na fasihi zimerithi makabati yaliyojaa diski za DVD. Humo mna michezo ya kuigiza, ngano zilizosimuliwa na wazee, mahojiano, nyimbo za arusi na mihadhara. Thamani ya hazina ya namna hiyo haina haja ya kutetewa. Mjini Lubumbashi kundi la Mufwankolo liliigiza michezo kwa Kiswahili cha Shaba, na mwaka 1990 Johannes Fabian alichapisha kitabu kizima kilichochimbuka katika kazi yao. Lakini diski haidumu milele. Zile zinazoandikwa kwa kompyuta hushika habari katika tabaka la rangi ambalo huchakaa kwa joto, mwanga na unyevu. Isitoshe, kompyuta nyingi zinazouzwa siku hizi hazina tena mahali pa kuingizia diski.

Hivyo basi, imekuwa lazima kuhamisha video hizo katika mafaili yanayoweza kutazamwa na wanafunzi kupitia mtandao wa chuo. Kazi hiyo huonekana nyepesi, kumbe ina uamuzi ambao baadaye hauwezi kutenguliwa. Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu yanayovutana ndani yake: kasi ya kazi, ukubwa wa faili na ubora wa picha na sauti.

2. Kwa nini video hubanwa

Video ni mfululizo wa picha tuli ziitwazo fremu. Katika diski ya mfumo wa PAL kila sekunde ina fremu 25, na kila fremu ina nukta, yaani pikseli, 720 kwa 576, ambazo jumla yake ni 414,720. Kama kila pikseli ingeandikwa kwa baiti 3, sekunde moja ingehitaji megabaiti 31 hivi. Diski ya tabaka moja, yenye nafasi ya gigabaiti 4.7, ingejaa kwa dakika mbili na nusu tu. Mchezo wa saa moja na nusu usingeweza kamwe kuingia humo.

Dawa yake ni kubana. Kanuni ya kubana, ambayo huitwa kodeki, hufanya mambo mawili makuu. Kwanza, hairudii kuandika kile kisichobadilika: ukuta ulio nyuma ya mwigizaji huandikwa mara moja, na fremu zinazofuata hutaja tu kilichosogea. Pili, huacha baadhi ya mambo madogo ambayo jicho la binadamu halitambui kwa urahisi. Diski za DVD hutumia kodeki ya MPEG-2, ambayo ni ya katikati ya miaka ya 1990. Baada yake zilikuja H.264 mwaka 2003, H.265 mwaka 2013 na AV1 mwaka 2018.

Kodeki yaweza kulinganishwa na mtu anayeandika muhtasari. Anayesoma kwa haraka huandika muhtasari mrefu, kwa sababu hana nafasi ya kutafuta neno moja litakaloshika mahali pa matano. Anayetua na kupima kila sentensi huandika mfupi zaidi bila kupoteza maana, lakini humchukua siku nzima. Kodeki mpya hupima njia nyingi zaidi za kuandika kila kipande cha picha. Ndiyo maana mafaili yake huwa madogo na kazi yake huwa ndefu.

3. Kunakili si sawa na kusimba upya

Ni vema kutofautisha matendo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kunakili ni kutoa video katika diski na kuiweka katika faili jipya bila kugusa biti zake. Kasi yake hutegemea chombo kinachosoma diski, ukubwa hubaki uleule, na hakuna kinachopotea. Kusimba upya ni kufungua picha zilizobanwa kwa MPEG-2 na kuzibana tena kwa kodeki nyingine. Hapo prosesa ya kompyuta hufanya kazi nzito, na kila mara kitu fulani hupotea, kwa kuwa kile kilichoachwa na kodeki ya kwanza hakirudi, na kodeki ya pili nayo huacha chake. Anayesimba upya faili ambalo limekwisha kusimbwa upya huongeza hasara juu ya hasara.

Jambo la sheria lisisahauliwe. Diski zilizorekodiwa na chuo chenyewe kwa kawaida hazina kufuli. Diski za kibiashara nyingi zina kufuli ya kisimbo, na katika nchi kadhaa kuivunja ni kosa hata kwa mwenye diski. Marekani ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1998. Aidha, ruhusa ya waigizaji na wasimulizi yafaa kuthibitishwa kabla ya kazi yao kuwekwa mtandaoni.

4. Kasi ya kazi

Kasi hupimwa kwa idadi ya fremu zinazosimbwa kila sekunde. Mchezo wa dakika 90 una fremu 135,000. Kompyuta inayosimba fremu 100 kwa sekunde huumaliza kwa dakika 22 na nusu. Ile inayosimba fremu 10 huhitaji saa 3 na dakika 45. Tofauti hiyo huonekana ndogo kwa diski moja, lakini kwa mkusanyiko wa diski 100 kompyuta ya kwanza hutumia saa 37 na nusu, na ya pili saa 375, yaani zaidi ya siku 15 usiku na mchana. Mahali ambapo umeme hukatika hesabu huwa nzito zaidi, maana faili lililokatizwa katikati kwa kawaida huanzwa upya.

Sababu nne huamua kasi. Ya kwanza ni kodeki: kwa kompyuta ileile, H.265 huchukua muda mrefu kuliko H.264. Ya pili ni ukubwa wa fremu: fremu ya 1920 kwa 1080, iliyo katika diski nyingi za Blu-ray, ina pikseli mara tano kamili ya fremu ya DVD ya PAL. Ya tatu ni ngazi ya bidii. Programu kama HandBrake humruhusu mtumiaji kuchagua kati ya ngazi za haraka na za polepole, na kila ngazi ya polepole huleta faida ndogo kuliko iliyotangulia. Kutoka ngazi ya haraka sana kwenda ya kati manufaa huonekana. Kutoka ya polepole kwenda ya polepole kabisa muda hurefuka sana kwa faida ndogo mno.

Sababu ya nne ni chombo kinachofanya kazi. Kompyuta nyingi zina sehemu maalumu ya kusimba video ndani ya prosesa au kadi ya picha, kama vile Quick Sync ya Intel na NVENC ya NVIDIA. Sehemu hizo ni za haraka mno, lakini kwa ubora uleule faili lake kwa kawaida huwa kubwa kuliko lile lililosimbwa taratibu na prosesa yenyewe.

5. Ukubwa wa faili

Ukubwa wa faili hupatikana kwa hesabu nyepesi: idadi ya biti kwa sekunde huzidishwa kwa idadi ya sekunde, kisha hugawanywa kwa 8 ili kupata baiti. Video ya dakika 90 yenye megabiti 5 kwa sekunde huwa na gigabaiti 3.4 hivi. Ikisimbwa upya kwa megabiti 1.5, hushuka hadi gigabaiti 1.

Hata hivyo, kuchagua idadi ya biti mapema si njia bora. Mzee anayesimulia ngano akiwa ameketi huhitaji biti chache. Ngoma ya watu wengi, yenye vumbi na vitambaa vinavyopepea, huhitaji nyingi. Wote wawili wakipewa kipimo kimoja, wa kwanza hupoteza nafasi bure na wa pili hutoka na picha iliyovurugika. Kwa hiyo hufaa zaidi kuchagua kipimo cha ubora na kuiacha programu igawe biti kadiri ya haja. Katika kisimbaji cha x264 kipimo hicho huanzia 0 hadi 51, na namba ndogo humaanisha ubora mkubwa. Kuongeza 6 hupunguza ukubwa wa faili kwa nusu hivi. Kwa video za DVD, HandBrake hupendekeza kati ya 18 na 22.

Mambo mawili huwashangaza wengi. Diski iliyotokana na kaseti kuukuu ya VHS hutoa faili kubwa kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu chembechembe zinazorukaruka katika picha hubadilika kila fremu, na kodeki huziona kama habari mpya. Pili, kuikuza picha ya DVD hadi 1920 kwa 1080 hakuiongezei habari yoyote. Huongeza tu muda wa kazi na uzito wa faili.

6. Faili likiwa mtandaoni

Seva inaweza kulipeleka faili kama lilivyo, au kulisimba upya papo hapo kwa kila mtazamaji. Njia ya pili ina gharama kubwa: wanafunzi 20 wakitazama kwa wakati mmoja, seva hulazimika kusimba fremu 500 kila sekunde. Ni afadhali kazi ifanyike mara moja tu, kabla ya faili kuwekwa. Mtandao nao una kikomo chake. Wanafunzi haohao 20 huhitaji jumla ya megabiti 30 kwa sekunde ikiwa kila video ina megabiti 1.5, lakini megabiti 100 ikiwa ina 5.

Kwa sababu hiyo H.264 ndani ya faili la MP4 bado lina nafasi yake, ingawa si kodeki mpya. Husomwa na karibu kila simu na kompyuta, zikiwemo za zamani. H.265 huweza kupunguza ukubwa, lakini faida yake huwa ndogo zaidi kwa picha ndogo kama za DVD, na si kila kifaa huisoma.

7. Sauti isipunjwe

Katika idara ya Kiswahili sauti ina uzito kuliko picha. Kwa dakika 90, sauti ya kilobiti 160 kwa sekunde huchukua megabaiti 108. Ikipunguzwa hadi 64 huchukua megabaiti 43. Kinachookolewa ni megabaiti 65 katika faili la gigabaiti nzima. Lakini kinachopotea mara nyingi ni mawimbi ya juu, na humo ndimo s, f na th zinamotofautiana. Mtafiti anayetaka kujua kama msemaji wa Lubumbashi alitamka thelathini au selasini hatapata jibu katika sauti iliyobanwa kupita kiasi. Kosa hilo halitaonekana siku ya kazi. Litagunduliwa miaka mingi baadaye, pengine msemaji akiwa amekwisha kufariki.

8. Hitimisho

Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse tatu. Hakuna faili moja litakaloleta kwa pamoja kasi kuu, udogo na ubora kamili. Utatuzi ni kuwa na mafaili mawili kwa kila diski. La kwanza ni nakala halisi, isiyosimbwa upya, inayohifadhiwa katika diski kuu mbili zilizo mahali tofauti. La pili ni nakala ndogo ya H.264 kwa ajili ya wanafunzi. Nakala ndogo yaweza kutengenezwa tena wakati wowote kutoka katika nakala halisi, kwa kodeki yoyote itakayokuja. Kinyume chake hakiwezekani. Kwa hiyo idara yenye muda mchache na ianze na kunakili, kwa sababu kusimba kunaweza kungoja, lakini rangi ya diski haingoji.