UZI: Ati simu zetu zitafufua kesi za mauaji zilizolala?

Msimu wa siasa ukifika huku Usenge, hakosi mtu wa kushika maikrofoni na kusema: "Serikali imelala, lakini sasa wananchi wako na simu. Wauaji watajulikana!" Makofi yanapigwa. Nasoma sayansi ya siasa, na hii kauli nimeisikia bichi, kwa kinyozi, hadi kwenye matatu ya Bondo. Wacha tuichambue pole pole.

Kitu cha kwanza: Kenya kesi ya mauaji haipitwi na wakati. Faili inaweza kukaa miaka 30 na bado ifunguliwe. Kinachooza ni ushahidi. Mashahidi wanakufa, wengine wanahama, wengine wanaogopa.

Ukitaja kesi zilizolala, wazee wa huku wanaenda moja kwa moja Februari 1990. Mwili wa waziri wa mambo ya nje ulipatikana Got Alila, karibu na Koru, umechomwa. Wapelelezi wa Scotland Yard waliletwa. Tume ya uchunguzi ikavunjwa 1991 kabla imalize kazi. Mtu mmoja akashtakiwa, akaachiliwa 1994. Baadaye kamati ya Bunge nayo ikachunguza. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa. Sasa niambie, hii kesi ilikosa umaarufu kweli? Nchi nzima ilikuwa inaiongelea, bila intaneti. Kwa hivyo anayesema kelele pekee inatosha aanze kwa kueleza Got Alila.

Lakini pia siwezi kusema mitandao ni bure. Angalia kesi ya Agnes Wanjiru. Alikuwa na miaka 21, mama wa mtoto mchanga, akapotea Nanyuki Machi 2012. Mwili ulipatikana baada ya kama miezi 2 kwenye tangi la maji taka la hoteli. Mwaka wa 2019 hakimu alimaliza uchunguzi wa kifo na kusema aliuawa na mwanajeshi au wanajeshi wa Uingereza. Halafu? Kimya. Oktoba 2021 gazeti la Sunday Times likaandika kwamba kuna mwanajeshi aliyekiri kwa wenzake, na kwamba wanajeshi walikuwa wanafanyia kifo hicho utani kwenye Facebook. Wakenya waliwaka, na DCI wakarudi kwa faili. Septemba 2025 Mahakama Kuu, Nairobi, ikatoa hati ya kumkamata raia mmoja wa Uingereza.

Soma huo mfuatano vizuri. Uamuzi wa hakimu ulikuwepo tangu 2019. Mtandao haukugundua muuaji, uliwaaibisha waliokuwa wamekalia karatasi. Hiyo ni kazi kubwa, sibishi, lakini ni kazi tofauti na upelelezi.

Upelelezi wa picha nao upo, ila una jasho. Filamu ya BBC Africa Eye ya Aprili 2025 kuhusu waliopigwa risasi nje ya Bunge 25 Juni 2024 ilichambua picha na video zaidi ya 5,000, nyingi zilizochukuliwa na watu wa kawaida. Walilinganisha saa, sare, na mahali mtu alisimama. Si sawa na wewe kuzungushia uso duara jekundu na kuandika "ni huyu".

Maana "ni huyu" inaua. Boston, 2013, watu wa Reddit walimtaja mwanafunzi aliyepotea kama mlipuaji. Hakuhusika kabisa, na mwili wake ukapatikana mtoni baadaye. Familia yake ilikuwa inamtafuta huku inatukanwa. Sasa lete hiyo hapa, ambapo ukipigiwa kelele ya mwizi sokoni hupewi nafasi ya kujieleza. Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Umati hausomi Katiba, bana.

Jambo linaloniuma zaidi halitajwi jukwaani: nani anatrendi? Kijana akitoweka Nairobi akiwa na marafiki wenye wafuasi wengi, hashtagi iko tayari kabla jioni. Mvuvi asiporudi kutoka upande wa Mageta, tunapata tangazo kwa WhatsApp ya bichi, "poleni familia", imeisha. Tukiachia mitandao igawe haki, samaki wakubwa tu ndio watahesabiwa. Kwa hivyo mwanasiasa akisifu simu yako, muulize yeye atafanya nini ripoti ya uchunguzi wa kifo ikifika ofisi ya mashtaka na kulala.

Na kama uko na video ya tukio, usiishie kuforwadi. WhatsApp inabana video na kupunguza ubora, na taarifa za lini na wapi zinaweza kupotea. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza rekodi ilitengenezwa vipi na kwa kifaa gani. Weka faili ya kwanza na ile simu. Andika tarehe na saa. Tafuta wakili au shirika la haki za binadamu kabla ya kupeleka, na kama anayeshukiwa ni polisi, peleka IPOA. Kisha jiandae kwa swali ambalo kumenti haziwezi kukujibia: uko tayari kusimama kizimbani useme ni wewe ulirekodi?