Nyumba Kati ya Majiwe

Sisi wahubiri tunapenda sana mfano wa nyumba iliyojengwa juu ya mwamba. Lakini katika Luka 6:48 kuko neno tunaloruka mara nyingi: yule mtu alichimba chini sana mbele ya kuweka msingi. Wale wanaojenga ku vilima vya Likasi wanajua taabu ile.

Kama lupango yako iko na mwamba wa kawaida, usiuvunje wote. Acha jiwe kubwa moja karibu na barza. Jua linalipasha moto muchana kutwa, na mangaribi ya mwezi wa 6, baridi ikianza kuuma, watoto watalikalia na kusikia joto yake. Katika Katanga jua la miezi ile linapita upande wa kaskazini. Basi fungua dirisha kubwa kule. Upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki pamoja na mavumbi. Upande ule panda miembe na mapera: inazuia vumbi, na harufu ya maua yake inaingia mpaka ndani. Mvua inapoanza, maji haizami katika mwamba, inateremka tu. Chimba mufereji nyuma ya nyumba mbele ya kuinua kuta. Kwa kuta, tofali za bulongo ya kichuguu zinafaa sana. Na chini ya manjanja tia dari, kama sivyo sala ya jamaa haitasikika wakati wa mvua!

Lakini majiwe gani? Malakiti, lile jiwe la kijani, linapendeza macho, na vijana wanapenda kulipanga mulangoni. Hapana, vijana. Jiwe la mine libaki ku mine, na lile la Shinkolobwe, lenye uraniumu, hata kipande kisiingie.

Tangu 2014, kule Kasulo katika Kolwezi, watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Uchunguzi uliotangazwa katika 2018 ulionyesha kwamba damu na mikojo yao ilikuwa na kobalti kupita sana watu wa mtaa mwingine wa karibu, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Kwa hiyo papa anayetoka kuchimba avue viatu na nguo za kazi inje, mbele ya kubeba mtoto. Mama anyunyize maji mbele ya kufagia.

Na ukiona ua la shaba, lile dogo la buluu, limeota katika lupango, usipande lengalenga pale. Tafuta bulongo ya mbali na mine, uijaze katika karai za zamani, na upande humo.