Mkonge Wenye Ukingo wa Manjano

Katika bustani nyingi huwa pana mahali penye uvuli ambapo maua hayastawi: chini ya mwembe, nyuma ya nyumba, au kando ya ukuta usiopata jua. Mara nyingi mahali hapo huachwa tupu, pakawa pa takataka. Lakini uko mmea uwezao kupapamba mwaka hata mwaka, wala hautaki kazi nyingi. Ni mkonge wenye ukingo wa manjano. Majani yake ni manene, nayo husimama wima kama panga, hata kufika karibu urefu wa mita moja. Katikati jani lina rangi ya chanikiwiti, yaani kijani, yenye mistari ya kupinda-pinda. Na kila upande una utepe wa manjano tangu chini hata nchani. Watu huuita ua, ijapokuwa hupandwa kwa ajili ya majani yake.

Mkonge huu si ule wa mashamba makubwa. Ule wa mashamba asili yake ni Mexico, nao uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara. Kabla ya hapo Waswahili walikuwa na mkonge wao wa porini, ambao nyuzi zake zilifaa kwa kamba. Basi mmea mgeni ukapewa jina la mwenyeji. Mkonge wenye ukingo wa manjano ni ndugu wa huo wa porini. Jamaa yake huota yenyewe katika nchi za joto za magharibi na katikati ya Afrika, tangu Nigeria hata Kongo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mbelgiji mmoja, Émile Laurent, aliuona katika Kongo, na mwaka 1904 mmea huo ukaandikwa katika vitabu vya elimu ya mimea kwa jina lake. Tangu hapo umeenea katika bustani na nyumba za dunia nzima.

Huo utepe wa manjano una maana yake. Kila mmea wenye majani mabichi hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua, maji na hewa, na kazi hiyo hufanywa na ile rangi ya kijani iliyo ndani ya jani. Mahali pa manjano rangi hiyo imepungua mno, kwa hiyo hapafanyi kazi kama penginepo. Sehemu ya kijani ndiyo mpishi. Utepe wa manjano ni mgeni anayelishwa. Ndiyo sababu mmea huu hukua polepole kuliko ndugu yake aliye kijani kitupu. Tena jua kali la mchana laweza kuuunguza utepe ule, kwa hiyo uvuli waufaa. Lakini usitiwe katika giza, maana hapo mpishi naye hukosa nuru ya kufanyia kazi, mmea ukadumaa na rangi zake zikafifia. Uvuli mwema ni ule wa chini ya mti, ambapo jua hupenya kidogo kidogo kati ya majani.

Apandaye na achague udongo usiotuamisha maji. Kama udongo ni mzito, auchanganye na mchanga na samadi kidogo iliyooza. Achimbe mashimo yasiyo na kina kirefu, yaliyoachana kama futi moja, maana mmea huu hutambaa chini kwa chini na kujaza nafasi wenyewe. Asimwagilie tena mpaka udongo umekauka. Mimea mingi hufungua vitundu vidogo vya majani yake wakati wa mchana, na maji mengi hutoka humo kama mvuke. Mkonge huu hufungua vitundu vyake usiku, hewa ikiwa na ubaridi, kwa hiyo hupoteza maji machache. Na majani yake manene ni ghala ya maji. Wengi walioupoteza mmea huu hawakuupoteza kwa kiu, bali kwa maji mengi yaliyoozesha mizizi.

Liko jambo moja zaidi, nalo huwashangaza wengi. Jani la mkonge huu likikatwa vipande vya urefu wa kidole, na kila kipande kikachomekwa katika mchanga wenye unyevu, upande wa chini ukiwa chini, baada ya majuma mengi hutoa mizizi, kisha chipukizi. Mtu mwenye haraka hufurahi kwamba jani moja litampa mimea kumi. Lakini chipukizi zikikua, zote ni kijani. Utepe wa manjano haupo. Haraka haraka haina baraka.

Sababu yake ni hii. Ndani ya mmea huu mna namna mbili za nyama zilizopangwa pamoja: moja yaweza kufanya kijani, na moja haiwezi. Zote mbili hukaa kwa mpango wake katika kichwa cha chipukizi, mahali ambapo majani huanza, na kwa hiyo kila jani jipya hupata katikati ya kijani na ukingo wa manjano. Lakini kipande cha jani hakina kichwa hicho. Chipukizi mpya huanzishwa na nyama ya kijani peke yake, na mpango wa zamani umepotea.

Basi atakaye kuzidisha mimea yake bila kupoteza rangi na afuate njia ya mgomba. Chini ya udongo mkonge huu una shina nene lilalalo, kama tangawizi, nalo hutoa watoto kando ya mama. Mtoto akiisha kuwa na majani matatu au manne na mizizi yake mwenyewe, akatwe kwa kisu kikali, jeraha liachwe siku mbili likauke, kisha apandwe. Huyo atakuwa na rangi za mama yake, kwa kuwa amekuja na kichwa kizima. Na ikiwa katika shada hutokea chipukizi la kijani kitupu, ling'olewe mapema. Kwa kuwa lina chakula kingi kuliko wenzake, hukua upesi na kuwasonga.

Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hili shuleni kwa makopo mawili yaliyotobolewa chini. Katika moja wapande kipande cha jani, katika la pili mtoto aliyetengwa na mama, na juu ya kila kopo waandike tarehe. Itawapasa kungoja miezi kadhaa. Kisha majani yenyewe yatawaonyesha tofauti.