Je, Wajua? Kibra, Kawangware na Hesabu ya Nani ni Nani

Je, wajua kwamba Kibera iliwahi kupungukiwa na watu wapatao laki nane bila mtu kufa wala kuhama? Kwa miaka mingi wageni na mashirika walitaja wakazi milioni moja. Sensa ya 2009 ikawapata 170,070. Mwaka 2019 kaunti ndogo yote ya Kibra, yenye Kibera ndani yake, ilikuwa na 185,777, na Dagoretti, iliyo na Kawangware ndani yake, 434,208. Lakini watalii wenye kamera bado hukimbilia Kibera.

Je, wajua kwamba Wanubi, wenyeji wa Kibera, walihesabiwa miaka mingi bila jina? Wazee wao, askari wa King's African Rifles, walikuwa wameshajenga hapo serikali ya kikoloni ilipowatengea rasmi ekari 4,197 mwaka 1918. Hata hivyo, kwenye majedwali ya sensa walitiwa kapu moja na "wengine". Kuwa "mwengine" halikuwa jambo la karatasi tu: kwa miaka mingi kijana wa Kinubi alipokwenda kuomba kitambulisho, alipitishwa kwenye kamati ya uhakiki ambayo jirani yake Mluo au Mkikuyu hakuijua. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kuwa Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi kuhusu uraia. Sensa ya 2009 ndiyo iliyowapa msimbo wao, wakatokea 15,463. Mwaka 2019 wakawa 21,319. Katikati hapo, Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hatimiliki ya pamoja ya ekari 288. Toa 288 kwenye 4,197 uone kilichobaki.

Je, wajua kwamba matokeo ya kabila ya sensa ya 1999 yalifungiwa? Ya 2009 yalichapishwa, ingawa damu ya ghasia za baada ya uchaguzi, za 2007 na 2008, haikuwa imekauka. Watu zaidi ya laki sita walioulizwa kabila walijibu kwa ufupi: Mkenya.

Je, wajua kwamba Tanzania haijauliza dini wala kabila katika sensa tangu 1967? Kunyamaza nako kuna kelele zake: mwaka 2012 baadhi ya Waislamu huko walihimizana kuisusia sensa kwa sababu hiyohiyo ya kutoulizwa dini.

Je, wajua kwamba Waislamu wa Kenya walikuwa 5,152,194 mwaka 2019, kama asilimia 11 ya watu wote? Wanubi wamo humo. Mwishoni mwa 2001 wapangaji na wenye nyumba walipigana Kibera. Wenye nyumba wengi walikuwa Wanubi Waislamu, na wapangaji wengi Waluo Wakristo. Wa mbali angeyaita mapigano hayo vita vya dini. Waliokuwa Makina, mtaa mmojawapo wa Kibera, wakati ule walijua ugomvi ulikuwa wa kodi, baada ya wanasiasa wakubwa kutamka kwamba ipunguzwe.

Je, wajua kwamba sensa ya 2019 ilichapisha dini kaunti kwa kaunti, lakini kabila kwa nchi nzima tu? Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, Wakikuyu na Waluhya walikabiliana Kawangware, eneo liitwalo 56. Ukitaka kujua wapo wangapi wa kila upande mtaani humo, jedwali hilo halitakusaidia. Kwa maoni yangu ni afadhali hivyo.

Je, wajua kwamba katika sensa hiyohiyo ya 2019 Wakenya 755,750 walitajwa kuwa hawana dini, na wengine 73,253 dini yao "haijulikani"? Usiwacheke hao wa pili. Karani hakumhoji kila mtu. Alimuuliza mkuu wa kaya au mtu mzima aliyemkuta, naye akawajibia wote waliolala humo usiku wa Agosti 24. Katika chumba cha Kawangware wanakochangia kodi vijana wanne, aliyefungua mlango ndiye aliyewagawia wenzake dini.