Kioo cha Kompyuta Hukaguliwa kwa Weusi

Mnunuzi wa kompyuta mpakato ya mtumba, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, siku hizi hadanganywi kirahisi. Atauliza prosesa ni ya kizazi gani, atauliza RAM ni ngapi, atafungua mipangilio kuhakikisha diski ni SSD kweli, atachomoa chaji aone betri inashuka kwa kasi gani. Ikifika zamu ya kioo, ataangalia kama kina ufa, ataona picha inatoka, basi, pesa zinahesabiwa. Wakati huo muuzaji ameweka video ya maua na samaki wa baharini, mwangaza umepandishwa hadi mwisho, na taa za duka zinamulika kila upande. Katika hali hiyo hata kioo duni hupendeza.

RAM huongezwa, diski hubadilishwa, betri huagizwa nyingine. Kioo kibaya watu hukivumilia mpaka kompyuta yenyewe inakufa, ingawa ndicho kitu wanachokitazama kila dakika ya kazi. Na kasoro zake kubwa hazionekani kwenye picha ya maua. Zinaonekana kwenye weusi.

Vioo vingi vya kompyuta mpakato ni vya LCD, na fuwele za kimiminika zilizomo ndani yake hazitoi mwanga wowote. Mwanga hutoka kwenye ukanda mwembamba wa taa za LED uliolazwa ukingoni, mara nyingi ukingo wa chini. Taa hizo humulika ubavu wa bamba la plastiki angavu linalousambaza mwanga eneo zima. Nyuma ya bamba kuna karatasi nyeupe ya kuurudisha mwanga mbele, na mbele yake kuna karatasi nyingine za kuulainisha na kuuelekeza kwa mtazamaji. Tabaka zote hizo pamoja ndizo taa ya nyuma, na juu yake ndipo kinapokaa kioo chenyewe: vichujio viwili vya mwanga vilivyowekwa kwa kukingamana, na fuwele katikati yake. Umeme ukizigeuza fuwele, mwanga hupita au huzuiwa. Kwa hiyo unapoona skrini nyeusi, taa ya nyuma inawaka kwa nguvu ileile iliyokuwa nayo ulipoona nyeupe. Fuwele na vichujio ndivyo vinavyojaribu kuizuia.

Haviizuii kabisa. Kioo kizuri cha aina ya IPS huwa na uwiano wa kama 1000 kwa 1 kati ya weupe wake na weusi wake; maana yake, weupe ukiwa na mwangaza wa niti 300, weusi unabaki na niti 0.3. Vioo vya bei nafuu vya aina ya TN mara nyingi vina uwiano wa kama 400 kwa 1, kwa hiyo kwa mwangaza uleule weusi wao ni niti 0.75, zaidi ya mara mbili. Macho yako gizani yanaliona hilo bila kipimo chochote: filamu yenye tukio la usiku inakuwa ya kijivu, na nyuso za watu zinazama kwenye ukungu.

Huo ni udhaifu wa kioo kizima, na umesambaa sawasawa. Kuvuja kwa mwanga ni jambo jingine. Tabaka zile zote zimefungwa ndani ya fremu nyembamba, na kifuniko cha kompyuta nacho kinazibana. Zikibanwa kupita kiasi mahali fulani, au karatasi moja ikihama kidogo, au kifuniko kikipinda, mwanga hupenya ukingoni au kwenye kona, sawa na mlango usiokaa vizuri kwenye fremu yake unavyopitisha mwanga wa chumba cha pili. Mgandamizo pia hukikaza kioo chenyewe hadi vichujio vyake vinashindwa kuuzuia mwanga barabara pale kilipokazwa. Matokeo yake ni mabaka meupe au ya manjano kwenye kingo, na wakati mwingine vidoa vyeupe katikati ya skrini, mahali kompyuta ilipogandamizwa ndani ya begi.

Ndiyo maana kompyuta za mtumba zinahitaji ukaguzi huu kuliko mpya. Zimefanya kazi miaka mitatu au minne ofisini Ulaya au Marekani, zimepangwa moja juu ya nyingine kwenye maboksi, zimepitia Dubai, zimefunguliwa na kufungwa na mafundi ambao hatutawajua. Kila hatua ni nafasi ya kifuniko kupinda au skrubu kukazwa mno.

Ukaguzi wenyewe unahitaji picha nyeusi na giza. Picha nyeusi inapatikana kwenye kompyuta yoyote yenye PowerPoint au LibreOffice Impress: anzisha onyesho la slaidi, kisha bonyeza herufi B, na skrini yote inakuwa nyeusi huku taa ya nyuma ikiendelea kuwaka. Ukibonyeza W inakuwa nyeupe. Giza dukani ni shida kidogo, lakini koti au khanga ya kujifunika pamoja na kompyuta inatosha. Usione haya, muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakuzuia. Subiri macho yazoee, weka mwangaza nusu, tazama, kisha upandishe hadi mwisho utazame tena.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Vioo vya IPS vina mng'ao wa asili unaoonekana kwenye kona ukikitazama kioo cheusi kwa karibu, wakati mwingine wa rangi ya fedha, wakati mwingine wa zambarau au manjano. Mng'ao huo si kasoro. Unatokana na jinsi mwanga unavyopita kwenye fuwele kwa mshazari. Njia ya kuutofautisha na mwanga unaovuja ni kusogeza kichwa. Nenda kulia, nenda kushoto, rudi nyuma hatua moja. Kama baka linahama nawe, linafifia ukikaa mbele yake moja kwa moja na kupungua ukirudi nyuma, huo ni mng'ao wa IPS, na kioo kingine cha aina hiyo kitakuwa nao vilevile. Kama baka linabaki palepale, na umbo lake ni lilelile popote unapokaa, mwanga unavuja. Na usitumie picha ya simu kuamua ukali wake. Kamera ya simu gizani huacha mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi, ndiyo maana kona yenye weupe hafifu huonekana kwenye picha kama inaungua.

Kiasi gani kivumiliwe? Mwanga hafifu kwenye kona moja, unaoonekana tu ukiwa gizani na mwangaza umefika mwisho, mimi naona haufai kuvunja biashara. Karibu kila kioo cha LCD kina kidogo. Kinachonifanya nikirudishe kioo ni baka linaloonekana mwangaza ukiwa nusu na taa ya chumba imewaka, au vidoa vyeupe vinavyoonekana hata kwenye picha ya kawaida, au mwanga unaobadilika unapokipinda kifuniko kwa upole kidogo. Hilo la mwisho linakuambia bawaba au fremu imelegea, na kasoro itazidi.

Ukishamaliza weusi, weka nyeupe, utafute upande uliogeuka manjano au uliofifia kwa uzee wa taa. Halafu kijivu, ambacho hufichua madoa ambayo nyeupe na nyeusi huyaficha. Nyekundu, kijani na buluu ni za kutafuta pikseli zilizokufa. Kioo cha Full HD kina pikseli 2,073,600, na kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-307 cha mwaka 2008, kwenye daraja la pili ambalo watengenezaji wengi hulifuata, kinaruhusu pikseli mbili zinazowaka daima na mbili zilizo nyeusi daima kwa kila pikseli milioni moja. Pikseli angalau zina hesabu. Mwanga unaovuja hauhesabiki namna hiyo, na ndiyo sababu madai ya waranti juu yake huishia kwenye mabishano. Ni bora zaidi uuone kabla hujalipa.

Sasa jambo ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko mwanga kuvuja: aina ya kioo. Teknolojia ya TN ilitokana na kazi ya Martin Schadt na Wolfgang Helfrich huko Basel, Uswisi, mwaka 1970, na udhaifu wake ni pembe ya kutazamia. Laza kifuniko nyuma, na rangi zinageuka: vivuli vinakuwa vyeupe, nyuso zinakuwa kama filamu ya zamani ya negativu. IPS, ambayo Hitachi waliiingiza sokoni mwaka 1996, ilitengenezwa kuondoa tatizo hilo, na rangi zake hubaki karibu zilezile hata ukitazama kwa ubavu. Huhitaji fundi kukuambia unacho kipi. Fungua picha ya mtu, kisha ulaze kifuniko nyuma taratibu huku ukitazama kwa chini.

Jina la kompyuta halikusaidii. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 iliuzwa na kioo cha TN chenye pikseli 1366 kwa 768, na ikauzwa pia na kioo cha IPS cha Full HD. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Kwenye karatasi za maelezo ya kompyuta za HP za miaka hiyo, herufi SVA kwa kawaida zina maana ya kioo cha TN na UWVA ni cha aina ya IPS. Muuzaji akikuambia, "Kaka, hii ni EliteBook, kioo chake hakina shida," bado hajakuambia kitu. Kwenye Windows, fungua orodha ya vifaa, ingia upande wa monita, usome utambulisho wa kifaa: LGD ni LG Display, AUO ni AU Optronics, BOE ni BOE, CMN ni Innolux. Ukipata namba kamili ya kioo unaweza kuitafuta mtandaoni na kujua aina yake, niti zake na upana wa rangi kinazoweza kuonyesha.

Upana wa rangi una maana kwa watu wengi kuliko wapiga picha peke yao. Kipimo cha sRGB, kilichowekwa na HP na Microsoft mwaka 1996, ndicho kinachotumika kwenye picha nyingi za intaneti. Vioo vya bei nafuu huandikwa asilimia 45 ya kipimo kingine cha rangi kiitwacho NTSC, ambayo ni kama theluthi mbili tu ya sRGB. Asilimia 72 ya NTSC inakaribia sRGB yote. Dada anayeuza vitenge kwa WhatsApp na kuhariri picha zake kwenye kioo cha asilimia 45 ataona nyekundu imepauka, ataikoleza, na mteja mwenye simu nzuri ataona kitambaa kinachowaka kuliko kilivyo. Malalamiko yatakuja mzigo ukifika.

Mashine zenye vioo vya OLED nazo zimeanza kuingia kwenye mitumba. Hazina taa ya nyuma, kila pikseli inajiwakia yenyewe, kwa hiyo mwanga hauwezi kuvuja na weusi ni weusi kweli. Kwa vioo hivyo tumia kijivu: tafuta kivuli cha mstari wa programu uliokaa chini ya skrini kwa miaka. Kikiwa kimejichora, hakifutiki.

Na kama umeshanunua, na mwanga unavuja? Hakuna programu inayouziba, na kusugua kwa kitambaa au kubonyeza kwa kidole gumba huongeza vidoa. Shusha mwangaza, na washa taa ndogo nyuma ya kompyuta unapotazama filamu usiku; macho hayatalitafuta tena baka. Kisha tafuta chanzo cha mgandamizo. Kuweka chaji juu ya kifuniko ndani ya begi, kulibana begi kwa magoti kwenye daladala, kuinyanyua kompyuta kwa kushika kona ya skrini, yote haya yanakunja kifuniko. Mgandamizo ukiondoka mapema, baka wakati mwingine hupungua lenyewe baada ya wiki kadhaa.

Lisipopungua, fundi anaweza kufungua fremu ya plastiki na kulegeza skrubu za kioo kidogo, akague kama bawaba imeivuta fremu au kama kebo imepita pasipo pake na kukisukuma kioo kwa nyuma. Kazi hiyo ni ya mikono mitulivu, na betri ikatwe kwanza. Ikibidi kubadilisha kioo, usiagize kwa inchi tu. Chukua namba iliyobandikwa nyuma ya kile cha zamani, hesabu pini za soketi kama ni 30 au 40, linganisha masikio ya skrubu. Mwenye kioo cha TN anaweza kutumia nafasi hiyo kuweka IPS, lakini baadhi ya kebo za vioo vya HD zina njia moja tu ya data, na Full HD inahitaji mbili, kwa hiyo ulizia kebo pia.

Kioo kipya kikishaunganishwa, mwambie fundi akiwashe kwanza kikiwa hakijafungwa, uweke weusi, uzime taa ya chumba utazame. Afunge skrubu na fremu, kisha utazame tena. Kama mwanga ulikuwepo tangu mwanzo, kioo kirudi dukani. Kama umetokea baada ya kufunga, kasoro iko kwenye ufungaji, na fundi ataimaliza palepale kwa bisibisi aliyonayo mkononi.