Sauti ya Kijana Ikibadilika, Nini Kinatokea Ndani ya Mwili?



Mwezi uliopita hapa Bilpam nilimwambia kijana mmoja wa darasa la sita asome kwa sauti. Alianza vizuri, halafu sauti ikapasuka katikati: mara nzito, mara nyembamba kama ya mtoto. Darasa zima likacheka. Kesho yake hakuja, na kesho kutwa vilevile. Nikaenda kwao. Mama yake akaniuliza, "Mwalimu, huyu mtoto ana ugonjwa wa koo? Nimempa tangawizi na asali, lakini wapi!" Nikamwambia, "Mama, mtoto hana ugonjwa. Anakuwa mkubwa."

Basi nikaona nieleze na wengine.

Mvulana akianza kubalehe, kwa kawaida kati ya miaka 9 na 14, korodani zake zinatengeneza kwa wingi homoni inayoitwa testosteroni. Wanawake pia wanayo, ila kidogo. Homoni hii inasafiri kwenye damu mwili mzima, kama mtu mwenye ufunguo anayetafuta kufuli lake. Kufuli liko ndani ya seli na linaitwa kipokezi.

Ufunguo ukiingia, kipokezi kinabadilika umbo na kuingia kwenye kiini cha seli. Huko vipokezi vinaungana viwili viwili na kushika mahali maalumu kwenye DNA, karibu na jeni fulani. Jeni ni maagizo ya kutengeneza protini. Kipokezi kinaiwasha jeni, seli inanakili maagizo, protini inatengenezwa. Jeni nyingine kinazizima.

Jeni ni zilezile katika seli karibu zote, lakini kila seli inafungua ukurasa wake. Misuli inanenepa, kidevu kinaota ndevu, koromeo linakua na sauti inakuwa nzito.

Na kufuli likiharibika? Kuna watu wachache wanaozaliwa na kromosomu za kiume na wana homoni ya kutosha, lakini vipokezi vyao havifanyi kazi kabisa. Hao wanakua na mwili wa kike. Ufunguo bila kufuli haufungui kitu. Tena jeni ya kipokezi hiki iko kwenye kromosomu X, ambayo mvulana anaipata kwa mama yake. Kwa hiyo akina baba, ndevu za kijana wenu mama naye ana mkono wake!

Miili haifanani. Francine Niyonsaba wa Burundi alipata medali ya fedha ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mwaka 2019 alisema wazi kwamba mwili wake una testosteroni nyingi kwa asili. Sheria mpya za riadha zikamzuia kukimbia mita 800 asipotumia dawa za kuishusha. Yeye akahamia mbio ndefu, na mwaka 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000. Hakujiumba, na hakujificha.

Sasa wazazi, naomba mambo matatu. Kwanza, msimcheke mtoto anayebadilika. Pili, msimcheke anayechelewa. Sisi tuliokimbia vita tunajua njaa, na njaa ya muda mrefu inachelewesha kubalehe. Mvulana akifika miaka 14 bila dalili yoyote, mpelekeni kliniki. Tatu, vijana msinunue sindano wala vidonge vya kujaza misuli. Homoni ya nje ikizidi, korodani zinapunguza kazi yake na mbegu za uzazi zinapungua.

Yule kijana amerudi darasani. Juzi nilimpa asome tena na sauti ikapasuka tena, ila safari hii yeye ndiye aliyecheka kwanza, halafu akaendelea kusoma mpaka mwisho.